Jiko dogo la spiriti kwa safari ya miguu Shela hadi Kipungani: nichukue lipi?

Mwalimu wa Malindi

Assalaam aleykum, na wasio wa salamu hiyo nawaamkia vilevile. Naomba ushauri wenu kabla sijapoteza pesa.

Likizo hii ya Agosti mimi na mdogo wangu wa kiume tumepanga kuzunguka kisiwa cha Lamu kwa miguu. Tutapanda basi hapa Malindi hadi Mokowe, tuvuke kwa boti, tulale mjini siku moja, kisha tushike ufuo kutoka Shela mpaka Kipungani, tupande Matondoni, turudi mjini. Tutalala nje mara tatu, ndani ya hema. Mizigo tunabeba wenyewe mgongoni, na maji ya kunywa ndiyo yatakayotulemea kuliko chochote, kwa hiyo kila gramu naihesabu.

Shida yangu ni jiko. Nyumbani tuna mtungi wa gesi wa kilo 6, na ukijumlisha chuma chake si mzigo wa kutembea nao mchangani. Jiko la makaa nalo zito, makaa yenyewe yanachafua kila kitu. Kuni za kuokota ufuoni sitaki kuzitegemea. Binamu yangu aliye ng'ambo akaniambia wapanda milima wanatumia majiko madogo ya spiriti, na wengine wanajitengenezea kwa kopo la soda. Nikatengeneza moja.

Jumamosi nikalijaribu juu ya paa letu, saa kumi jioni, kusi inavuma. Nilitia maji nusu lita kwenye sufuria ndogo, nikaiinua juu ya matofali matatu. Dakika ishirini na tano zikapita, maji yana vijipovu tu pembeni. Nikaona moto umezimika, nikainua chupa kuongeza spiriti. Mdogo wangu akanidaka mkono. Akasogeza kijiti cha kibiriti juu ya kopo, kikashika pale pale. Moto ulikuwa bado unawaka na mimi siuoni kwa sababu ya jua. Tangu siku hiyo nimeingiwa na hofu.

Sasa, ninunue lile la shaba la kiwandani au nirekebishe hili la kopo? Spiriti gani, na kiasi gani kwa watu wawili? Na mama ana swali lake: "Mwanangu, utaingia Lamu na chupa ya pombe mkobani?" Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Fundi Bati

Wa aleykum salaam, dada. Pole kwa mshtuko, na mpe mdogo wako shukrani zetu.

Jiko lako halikuwa na kosa kubwa. Kosa ni upepo na yale matofali. Moto wa gesi unasukumwa kutoka ndani ya mtungi, unatoka na nguvu zake. Moto wa spiriti hausukumwi na kitu, unapanda wenyewe taratibu kama mvuke wa uji. Upepo kidogo tu unaulaza, joto linapita ubavuni mwa sufuria na kwenda zake. Na ukiiweka sufuria juu sana ndiyo unaimaliza spiriti bure. Kati ya jiko la kopo lililo wazi na kitako cha sufuria pawe na vidole viwili, si zaidi.

Kabla hujanunua jiko lolote, tengeneza kinga ya upepo. Chukua ile trei ya foili nzito inayopakiwa biriani za sherehe, ikate utepe mrefu, uikunje kingo zake isikukate mikono. Kimo chake kianzie chini mpaka kifunike nusu ya ubavu wa sufuria. Izungushe ukiacha nafasi ya kidole kimoja kati yake na sufuria, na utoboe matundu chini, upande ule upepo unakoelekea. Usiibane. Jiko likikosa hewa litazima, au litatoa moshi wa kuchoma macho.

Sasa jiko lenyewe. Kopo la soda ni jembamba, likikaliwa na begi limekwisha. Mimi napenda kopo dogo la jodari, lile la mviringo. Lioshe kwa sabuni mpaka harufu ya samaki iishe. Tia kipande cha mti ndani lisibonyee, kisha kwa msumari toboa matundu chini kidogo ya ukingo wa juu, kuzunguka kote, kila tundu lipenye penseli, na kati ya tundu na tundu pawe na upana wa kidole. Basi. Halihitaji mafiga, sufuria inakaa juu ya kopo lenyewe.

Kuliwasha ndiko watu wanakokosea. Tia spiriti isifike kwenye matundu, kama mililita 30. Washa, uiache. Mwanzoni moto unayumba katikati tu, mvivu. Subiri nusu dakika hivi, mpaka spiriti ianze kuchemka humo ndani. Ukiinama utaisikia, kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye karai. Hapo ndipo uweke sufuria. Mdomo wa kopo ukizibwa, mvuke unatafuta pa kutokea, na kila tundu linachomoza ulimi wake mdogo wa buluu, pande zote, mfano wa meno ya kitana. Ukiweka sufuria mapema, ubaridi wake unaurudisha mvuke chini na moto unakufa.

Lile la shaba: yanayojulikana zaidi ni ya Trangia, kampuni ya Sweden iliyoanza mwaka 1925, na majiko haya ya spiriti wakaanza kuyatengeneza miaka ya 1950. Jiko peke yake lina gramu kama 110. Hili la kopo halifiki 40. Lakini la shaba lina vitu viwili ambavyo kopo halina: kifuniko cha kuzungusha chenye mpira, kwa hiyo spiriti iliyobaki unaweza kuihifadhi humo humo, na kigao cha kupunguza moto cha kupikia wali. Ukilinunua, usilifunge kile kifuniko likiwa moto. Ule mpira utayeyuka na halitafunga tena.

Ushauri wangu: kwa safari moja, tengeneza la kopo, beba mawili. Ukiona umeipenda kazi, nunua la shaba, litakuzika.

Muuguzi wa Pwani

Nimesoma hapo pa kuinua chupa, mwili ukanisisimka. Nimewahudumia watu walioungua hivyo hivyo. Moto unaruka kutoka kwenye kopo, unapanda mchirizi wa spiriti mpaka kwenye chupa, na chupa iko mkononi.

Kwa hiyo, dada, usimimine kamwe kutoka chupa kubwa kwenye jiko lililotoka kuwaka. Kajinunulie sirinji ya mililita 20 duka la dawa, isiyo na sindano. Pima kiasi cha pishi moja, tia, funga chupa, ipeleke hatua kumi mbali, ndipo uwashe. Ikiisha kabla maji hayajachemka, ngoja kopo lipoe mpaka ulishike kwa vidole vitupu. Ukishindwa kulishika, bado. Mchana wa jua moto huo hauonekani, pima kwa kijiti kama alivyofanya mdogo wako, au weka kiganja juu kwa mbali usikie joto. Kuzima, lifunike kwa bakuli la bati. Kupuliza hakusaidii, kunaweza kurusha spiriti inayowaka.

Spiriti gani? Ile ya kuwashia ya duka la vifaa vya ujenzi, mara nyingi ina rangi ya zambarau. Hiyo ni ethanoli iliyotiwa methanoli na rangi ili isinyweke. Inawaka safi. Spiriti ya kusafishia vidonda usiichukue: nyingine zimetiwa mafuta ya mbarika, zinaacha uchafu. Ile inayoitwa isopropili inatoa masizi meusi mpaka sufuria huijui, na ikiwa ni ya asilimia 70, karibu thuluthi nzima ni maji unayoyabeba bure. Jeli ya kusafishia mikono inawaka, lakini kwa uvivu, na inabakiza utandu.

Ukiona hata spiriti ya kuwashia inatoa masizi, ongeza maji kidogo, sehemu moja kwa kumi. Moto unapoa kidogo lakini unakuwa safi.

Na hili nalisema kwa uchungu: usiitie kwenye chupa ya maji ya kunywa wala ya soda. Methanoli inaua mshipa wa macho, kiasi kidogo tu kinapofusha. Mwaka 2014 nchi hii ilizika watu wengi waliokunywa pombe iliyotiwa methanoli, na waliopona wengine hawaoni mpaka leo. Hemani usiku, kiu imekushika, mkono unachukua chupa yoyote. Tafuta chupa ya umbo tofauti kabisa, izungushie mpira au kamba ili hata gizani mkono ujue, na uandike SUMU kwa herufi kubwa.

Mtu akiungua: maji baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili. Dawa ya meno hapana, samli hapana, yai hapana. Kisha hospitali.

Mpishi wa Mashua

Mimi sikubaliani na hili jiko. Nimepika baharini miaka mingi kwa makaa ndani ya sanduku la mchanga na sijaunguza hata tanga. Spiriti niliijaribu mara moja, mashua ikalala kidogo tu kwa wimbi, kopo likapinduka, moto ukatiririka na maji ya ngamani kama nyoka. Tuliuzima kwa ndoo mbili za maji, kwa bahati spiriti inachanganyika na maji ikafifia. Ingekuwa mafuta ya taa, yangeelea na kuendelea kuwaka.

Wazungu wa mashua za anasa wanayo majiko ya spiriti ambayo chombo chake kimejazwa nyuzi zinazoifyonza, hata likipinduka haimwagiki. Hayo naweza kuyaamini. Kopo la jodari kwenye chombo, hapana.

Na kwa nguvu, mafuta ya taa yako mbele. Kilo moja ya mafuta ya taa ina joto zaidi ya mara moja na nusu ya kilo ya spiriti.

Fundi Bati

Kaka, kwenye chombo nakuunga mkono mia kwa mia. Dada, usiliwashe botini hata kama nahodha amekuruhusu. Lakini wao wanatembea nchi kavu. Stovu ya mafuta ya taa inabeba chuma, tambi zake na harufu yake, na yakimwagika mkobani, nguo na mkate vyote vimekwenda. Spiriti ikimwagika inakauka. Kwa siku tatu uzito wa jiko unaamua, joto la kila kilo ya mafuta halina nafasi ya kulipa. Ingekuwa wiki tatu ningekuwa upande wako.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, karibu Amu.

Kwanza mpe mama salamu zangu. Mwambie hiyo si pombe ya kunywa, imetiwa sumu makusudi. Mafundi wa samani hapa wanachanganyia vanishi na chupa inakaa rafuni mchana kweupe, hakuna anayeuliza. Kuhusu hukumu yake, na amuulize sheikh anayemwamini yeye. Kwa heshima ya watu, nunua mjini ukishafika, usisafiri nayo kwenye basi lenye abiria, na usiiweke mfuko mmoja na chakula.

Sasa ndia yenyewe. Kutoka Shela ule ufuo ni kama kilomita 12, mchanga mtupu, na wakati wa kusi upepo unakuja moja kwa moja kutoka baharini bila kizuizi. Hiyo kinga yenu ya foili itaruka. Chimbeni shimo la kina cha kiganja, weka kigae au kipande cha bati chini ili kopo lisizame, rundikeni mchanga upande wa upepo, ndipo foili izunguke ndani ya shimo. Begi nalo ni ukuta, lakini liwe mbali kidogo. Pikeni alfajiri kabla upepo haujaamka, au baada ya jua kuzama unapopungua, na gizani mtauona moto vizuri.

Msipande vilima vya mchanga kuweka hema. Najua vinavutia. Vile vilima ndivyo vinavyohifadhi maji ya mvua yanayonywewa na mji mzima wa Lamu, visima vya Shela vinateka humo. Msimwage humo spiriti, sabuni wala mabaki. Laleni chini ya vilima, juu ya alama ya maji ya bamvua. Tazameni mwezi: ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanapanda kuliko siku zote, na hema la watu wasiojua ndilo la kwanza kuelea.

Mkifika Kipungani na Matondoni, mwoneni mzee wa kijiji kabla ya kuweka mizigo. Na jiko liwe mbali na paa la makuti. Nimeona makuti yakishika. Ukisikia ule mlio, nyumba ya pili tayari inawaka. Matondoni kuna mafundi wa majahazi, pale chini ni maranda ya mbao, pamba ya kalafati na mafuta. Hapo hata kibiriti usikitoe mfukoni.

Binti wa Langoni

Hakuna aliyegusa chakula, na chakula ndicho kinachoamua spiriti.

Sahau pishi la kuchemka nusu saa. Tambi nyembamba zinaiva kwa dakika tatu. Wali pia unawezekana: loweka mchele saa nzima, uchemshe dakika tano, ipua, ifunge sufuria na mfuniko wake ndani ya kanga mbili, iweke ndani ya begi la kulalia. Baada ya nusu saa unafungua wali umeiva, mvuke mtupu. Bibi zetu walipalia makaa juu ya mfuniko, wewe unapalia kanga. Ng'onda wa kuchoma mbebe tayari, mkate wa mofa na tende vya asubuhi. Chai ya tangawizi: twanga tangawizi nyumbani uichanganye na majani na sukari kwenye mfuko mmoja.

Mwalimu wa Malindi

Mungu awabariki nyote. Nimemsomea mama maneno ya nahodha, amenyamaza kidogo kisha akasema "haya". Limebaki swali la kiasi. Sitaki kuishiwa Kipungani, na sitaki kubeba lita nzima.

Muuguzi wa Pwani

Tupige hesabu. Maji yetu ya pwani yana nyuzi joto kama 28 tayari, si kama ya mpanda Mlima Kenya anayeanza na maji ya barafu. Kuyafikisha nusu lita kwenye mchemko kungehitaji mililita 7 tu za spiriti kama joto lote lingeingia majini. Haliingii lote, zaidi ya nusu linapotea. Weka 15 penye utulivu, 20 penye upepo na kinga nzuri.

Chai ya asubuhi ya watu wawili, 20. Jioni lita moja kwa tambi na chai, 40, na 15 za kuivisha. Hiyo ni 75 kwa siku, 225 kwa siku tatu. Bebeni 400. Uzito wake ni gramu 320 hivi kwa sababu spiriti ni nyepesi kuliko maji, na kila siku unapungua.

Mwalimu wa Malindi

Ndugu zangu, tumerudi salama. Nimeona si haki kunyamaza baada ya kusaidiwa hivi.

Tulienda na makopo mawili ya jodari, matundu kumi na sita kila moja. Spiriti tuliinunua mjini Lamu, ya zambarau, tukaitia kwenye chupa ya bapa ya shampuu iliyooshwa vizuri, imefungwa kamba ya katani kuanzia shingoni mpaka kitakoni. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mwenye sirinji safari nzima, mimi sikuruhusiwa kuigusa.

Jioni ya kwanza, kama saa moja ya mwendo kutoka Shela, kusi ilikuwa inarusha mchanga mpaka kwenye meno. Foili ikaruka kweli, tukaikimbilia. Tukachimba shimo kama alivyosema nahodha, kigae chini. Nikawasha, nikainama kusikiliza. Sikusikia kitu kwa sababu ya bahari. Basi nikahesabu mpaka thelathini, nikaweka sufuria, na zile ndimi zikachomoza pande zote kwa pamoja. Nilikaa nikizitazama tu. Nusu lita ikachemka kwa dakika tisa.

Siku ya pili nilikosea kwa wali, nilifunga kanga moja badala ya mbili, ukabaki na kiini. Tuliula hivyo hivyo na ng'onda. Kipungani mzee wa kijiji alituonyesha mahali nyuma ya mikoko pasipo na upepo kabisa, na hapo nusu lita ilitumia mililita 14, nilipima.

Jumla tulitumia 310. Ile jioni ya kwanza peke yake ilikula karibu 120, kwa sababu tulimwaga kidogo na tukawasha mara mbili. 90 zilizobaki nimemwachia fundi wa samani mjini Lamu.

Mpishi wa Mashua, botini hatukulitoa begini.

Sasa kuna jambo jingine. Mama ameliona lile kopo likikauka jikoni, akaligeuza geuza, akaniuliza kama linaweza kumchemshia birika lake la chai siku gesi inapokwisha usiku. Birika lenyewe ni la lita moja na nusu, kitako chembamba. Fundi, nitengeneze kopo la namna gani?

Fundi Bati

Birika la kitako chembamba litapinduka juu ya kopo. Mtafutie la kitako kipana, au mpindie mafiga matatu ya chuma ya kukaa kando ya kopo, vidole viwili juu yake. Lita moja na nusu itataka mililita 50, kwa hiyo chukua kopo la jodari la saizi ya kati. Na lisiwashwe juu ya meza karibu na pazia. Chini, sakafuni, mlango wazi, na wajukuu wakiwa wamelala.